Nyanya Wawili, Klachi Moja

Wazazi wangu wote wawili waliniita Mama. Baba aliniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake, kama inavyompasa msichana wa kwanza katika nyumba ya Kikuyu. Msichana wa pili ndiye hupewa jina la mama wa mama. Lakini majina yetu ni machache na yanazunguka tu, na ikatokea kwamba nyanya zangu wote wawili walikuwa na jina lile lile. Basi mama naye kila aliponitazama alimwona mama yake. Nikiwa na miaka sita nilikuwa nikitumwa dukani hivi: "Mama, kimbia ulete chumvi, na usicheze njiani."

Angekuja msichana wa pili, mambo yangenyooka. Angepewa jina hilo hilo na lakabu juu yake, kila nyanya akawa na wake. Badala yake walikuja wavulana watatu mfululizo, mama akasema imetosha. Nyanya wa upande wa mama akabaki hana mtoto wa jina lake ila mimi, nami tayari nilikuwa wa mwenzake. Nikawa kama shamba lenye hati mbili, na yeyote aliyeishi Nairobi anajua shamba la namna hiyo halikosi kelele.

Nyanya wa upande wa baba aliishi nasi Kabiria. Alifiwa na mume mapema, akalea watoto saba, akafuga ng'ombe, akajenga nyumba za kupangisha chumba kimoja kimoja mpaka ua mzima ukajaa milango. Sijawahi kumwona akianza jambo akaliacha. Hata kikombe cha chai alikimaliza mpaka majani. Nyanya wa upande wa mama aliishi Kangemi na kuuza maharagwe sokoni. Alikuwa mdogo wa mwili, mwenye kucheka kwa sauti, na alikuwa na kisa.

Kisa chenyewe kila mtu alikijua. Alipokuwa msichana alipelekwa kanisani kuolewa. Alifika mlangoni na gauni lake, watu wamejaa ndani, mwanamume amesimama mbele, mchungaji amefungua kitabu. Akasimama kidogo. Kisha akageuka, akarudi kwao kwa miguu, wasimamizi wakimkimbilia nyuma. Baadaye aliolewa na mtu mwingine, babu yangu, wakaishi vizuri mpaka kifo kikawatenganisha, lakini hiyo sehemu hakuna aliyeisimulia. Kilichobaki ni mlango. Katika jamaa yetu, mtu akiacha jambo katikati, ilisemwa, "Amegeuka mlangoni."

Kwetu watu huamini kwamba jina haliji peke yake. Linakuja na mwenyewe, na miguu yake, na hasira zake, na hata namna yake ya kukohoa. Mtoto akikua wanamtazama waone atamfuata mtu wake lini. Mimi nilikuwa na watu wawili, kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi kuliko ya watoto wengine. Nikishika nambari tatu darasani, shangazi zangu walisema huyo ni wa Kabiria. Nikitoka kwaya kabla ya mashindano, huyo ni wa Kangemi. Nilipomaliza kidato cha nne nilipelekwa Kawangware kujifunza ushonaji, nikatoka mwezi wa pili. Shangazi mkubwa hakuuliza kwa nini. Alipiga makofi mara moja, akasema, "Si niliwaambia? Amegeuka mlangoni."

Na nikiri hapa: nilipenda. Nilikuwa mvivu wa kuamka, na ule ushonaji ulinichosha, nami nilikuwa nimepewa sababu iliyokuwepo kabla sijazaliwa. Nani angekataa? Mtu akinikasirikia, nilishusha macho kama mgonjwa. Nilikuwa na hasira za karibu na mdomo mrefu, lakini juu ya jambo hili sikubishana na mtu hata siku moja.

Hayo yalibadilika nilipoanza kutaka kitu kwa dhati.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, kabla barabara ya Ngong haijapanuliwa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikifanya kazi mjini kwenye kiwanda kidogo cha uchapishaji, orofa ya pili, nyuma ya City Market. Tulichapisha vitabu vya risiti, kadi za harusi na programu za mazishi. Kazi yangu ilikuwa kupika chai asubuhi na kupaka gundi mpaka jioni. Nilikuwa nikirudi nyumbani vidole vimeshikana. Chini, uani, kulikuwa na pikapu nyeupe iliyopeleka kazi kwa wateja, na kila saa nne nilisimama dirishani na brashi yangu ya gundi nikiiona ikitoka. Dereva alifika Industrial Area, Westlands, Karen, akarudi na habari. Mimi nilifika kwenye jiko la chai.

Siku moja dereva akatangaza kwamba mwisho wa mwaka anaenda kulima viazi Nyandarua. Mwenye kiwanda alikuwa mama mmoja mkavu wa maneno tuliyemwita Madam. Nilimfuata mpaka kwenye meza yake, nikamwambia naitaka ile pikapu.

Alinitazama juu ya miwani. "Wewe unajua kuendesha?"

"Nitajua."

"Sawa. Ukileta leseni kabla tufunge Krismasi, gari ni yako. Ukikosa, naweka tangazo kwa gazeti. Na sitaki story."

Nikajiandikisha katika shule ya udereva pale Dagoretti Corner. Mwalimu wangu alikuwa mwanamume wa makamo kutoka Machakos, mzee wa kanisa, aliyevaa sweta hata jua likiwaka na kuimba tenzi taratibu mwanafunzi akikosea. Kadiri ulivyokosea vibaya, ndivyo tenzi ilivyokuwa ya mazishi. Nilijifunza haraka. Gia ziliingia, kona nilizikata vizuri, na kwenye ule ubao wa mji mdogo wenye vigari vya kuchezea, wa kufundishia sheria za barabara, nilijibu kila swali kama niliyezaliwa pale juu ya ubao.

Shida ilikuwa mlima. Katika mtihani, afisa hukuambia usimamishe gari katikati ya mlima, kisha uliondoe bila kurudi nyuma. Likirudi nyuma, umeanguka. Hakuna kujitetea.

Mara ya kwanza nilifanya mtihani mwezi wa Septemba. Mji mdogo nikapita, barabara nikapita. Mlimani afisa akasema simama, nikasimama. Akasema twende. Nikatoa breki ya mkono, na lile gari likaanza kurudi nyuma polepole kama linaloona haya, mpaka mwenye mkokoteni wa maji nyuma yetu akapiga kelele. Afisa akakanyaga breki ya upande wake. Aliandika tu.

Nyumbani niliwakuta shangazi wawili wakinywa chai na nyanya wa Kabiria. Nikawaambia ukweli, kwamba gari lilirudi nyuma. Nilipaswa kusema tu nimeanguka. Neno "kurudi nyuma" lilitua pale mezani kama sahani ya nyama. Shangazi mkubwa alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Jamani! Sasa anageuka hata na gari!"

Nyanya wa Kabiria hakucheka. Alinihurumia, na hilo liliniuma zaidi. "Si kosa lako, mtoto," akasema. "Kuna kitu kinakuvuta kutoka ule upande mwingine."

Mara ya pili ilikuwa Novemba mwanzoni. Sitaieleza sana kwa sababu hata leo nikikumbuka nasikia joto shingoni. Mlima ule ule, afisa mwingine. Safari hii gari lilirudi nyuma, kisha likazima, kisha nikalia. Jioni baba aliniita nje, karibu na zizi la ng'ombe, akaongea nami kwa upole.

"Mama, wacha hiyo maneno ya gari. Kuna watu wa kuendesha na watu wa kuendeshwa. Gundi pia ni kazi."

Nami nilikuwa nimeanza kuamini. Kitu kimoja ni kutumia kisingizio ukijua ni kisingizio. Ni kingine kabisa kukaa ndani ya gari na kuhisi, kweli kweli, kwamba kuna mkono nyuma unakuvuta. Mimi niliuhisi. Kila nilipofika mlimani, kabla hata ya kusimama, nilijua tunarudi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kangemi nikiwa nimefura. Nyanya alikuwa sokoni kwenye meza yake, anachagua mawe kwenye maharagwe. Nilimsalimia vizuri kwa sababu sikulelewa vibaya, kisha nikamuuliza kile ambacho nadhani hakuna mtu wa jamaa yetu aliyewahi kumuuliza.

"Cucu, siku ile mlangoni, ni nini kilikugeuza?"

Mikono yake ilisimama. Tulizungumza Kikuyu, nami nayaandika maneno yake kama nilivyoyaelewa.

"Kunigeuza? Hakuna kilichonigeuza. Niligeuka."

"Wanasema kuna kitu kilikuvuta."

"Wanasema hivyo kwa sababu baba yangu alikuwa amekwisha kupokea mbuzi wa mahari. Ikiwa ni kitu kimenivuta, hakuna wa kulaumiwa, na mbuzi wanabaki." Akacheka ile sauti yake, muuza viazi wa meza ya pili akageuka kutazama. "Nilisimama pale mlangoni nikamwona yule mwanamume. Nilikuwa nimewahi kumwona akimpiga punda. Nikajiuliza, ni nani atakayekwenda kuishi naye, ni baba au ni mimi? Nikaona ni mimi. Nikarudi nyumbani. Viatu vilinibana, nikavivua njiani. Mwaka wa pili nikamchagua babu yako mwenyewe, kwa macho yangu haya."

Nilikaa juu ya gunia. Maisha yangu yote nilikuwa nimemfikiria huyu mwanamke kama mtu aliyesukumwa, kumbe ndiye mtu pekee katika jamaa yetu aliyesimama mahali ambapo kila kitu kilikuwa kimeamuliwa, gauni, watu, mchungaji na mbuzi, akaamua kingine. Na kama asingegeuka, mama yangu hangezaliwa, wala mimi. Nilisikia fahari mpaka kifuani. Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa amekwisha kurudia maharagwe yake, na akaniuliza kama nilikuja kununua au nilikuja kumzuilia wateja.

Jumatatu nilimwomba mwalimu ruhusa ya somo moja la mlima tu. Alinipeleka kwenye ile barabara inayopanda kutoka mtoni kuelekea Kangemi. Tukasimama katikati. Nikaondoka. Tukarudi nyuma. Mwalimu akaanza tenzi ya mazishi, kisha akaikata katikati.

"Kwani ukiwa kwa mlima unaangalia wapi?"

"Mbele."

"Wacha uongo. Macho yako iko kwa mirror. Unaangalia nyuma uone kama tunarudi. Na tena unaachilia handbreki kabla gari ishike. Kila siku! Nimekuambia hiyo kitu tangu August."

Nikamweleza. Sijui kwa nini, labda kwa sababu yeye si wa kwetu. Nikamweleza nyanya wawili, jina moja, mlango wa kanisa na ule mkono unaovuta. Alinisikiliza mpaka mwisho, na yeye ni mtu anayeamini kwamba hata nywele za kichwa chake zimehesabiwa juu.

"Dada yangu," akasema, "mimi naamini Mungu ana mpango. Lakini shida yako si shosho wako wa Kangemi. Shida yako ni handbreki."

Nilikasirika kwanza. Kisha nikaona ni kweli, na nikakasirika zaidi. Miezi mitatu alikuwa akiniambia jambo hilo hilo, subiri klachi ishike, sikia pua ya gari ikiinuka, ndipo uachilie. Mimi nilikuwa nikitikisa kichwa bila kusikia, kwa sababu mtu anayejua kwamba ataanguka hana haja ya kumsikiliza mwalimu. Niliachilia breki mapema kwa haraka ya kumaliza aibu ambayo nilikuwa na hakika inakuja. Nilitazama kioo nione ikija. Na ilikuja, kwa sababu niliifungulia mlango mwenyewe.

Tulipanda mlima ule mara kumi na tisa siku hiyo. Mwalimu aligeuza kioo kikatazama dari. Mara ya nne tulirudi nyuma, mara ya tano pia. Mara ya sita nikahisi kitu chini ya mguu wa kushoto, mtetemo mdogo, na boneti ikainuka kiasi cha kidole. Nikakaa hapo. Nikaachilia breki ya mkono, na gari halikwenda popote. Lilisimama pale mlimani, breki zote zimeachiliwa, limeshikwa na mguu wangu peke yake. Nilipiga kelele, mwalimu akasema nisipige kelele, nikapiga tena.

Mtihani wa tatu ulikuwa wiki mbili kabla ya Krismasi. Afisa alikuwa yule wa kwanza. Aliponiona alivuta pumzi ndefu, akakaza mkanda wake kama anayepanda ndege. Mji mdogo, barabara, kona, yote sawa. Mlimani akasema simama.

Nikasimama. Nyuma kulikuwa na lori la mawe, nililisikia likikoroma. Akasema twende.

Sitadanganya kwamba sikuogopa. Ile hisia ilikuja, mkono ule ule, tunarudi, tunarudi. Nikauacha uvute. Sikutazama kioo. Niliinua mguu wa kushoto polepole mpaka nikasikia mtetemo, nikasubiri boneti iinuke, na ilipoinuka nikasubiri tena, kwa ukaidi tu, kwa kuwa sasa nilikuwa na uwezo wa kusubiri. Lori likapiga honi. Likapiga tena. Niliachilia breki ya mkono nilipotaka mimi, na tukapanda mlima ule laini kabisa mpaka juu, na huko juu kukawa na jua na mama anayeuza ndizi, na nikampungia mkono kama rais.

"Angalia barabara," afisa akasema. Lakini alikuwa akitabasamu, na akaandika.

Nilipotoka na karatasi mkononi, mwalimu wangu alikuwa amesimama langoni na sweta lake. Nilimwonyesha. Akaimba tenzi ya Pasaka, mwezi wa Desemba, kwa sauti ya kutosha kusimamisha watu. Nami nikaimba naye, ingawa nilijua ubeti mmoja tu. Alasiri hiyo hiyo nilimwekea Madam karatasi mezani. Aliisoma pande zote mbili, akafungua droo, akanipa funguo. Story hakutaka, nami sikumpa.

Jumapili baada ya kanisa ua wetu wa Kabiria ulijaa. Mama alipika mukimo, shangazi wakaja wote, na nyanya wa Kangemi alikuwa ameahidi kuja lakini akatuma salamu kwamba goti linamsumbua. Nyanya wa Kabiria akasimama kuomba. Alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa ng'ombe aliyezaa, kisha akasema, "Na kwa sababu hatimaye jina langu limemshinda yule mwingine."

Wote wakasema amina. Mimi nilikuwa bado nimefumba macho.

"Cucu," nikasema, "ile breki niliishika mimi."

Baba akasema kwa ukali, "Mama!" Tukageuka wote wawili, mimi na nyanya. Ndugu zangu wakashindwa kujizuia, na kicheko kikaanza kwao kikaenea ua mzima. Nyanya wa Kabiria alinikazia macho kwa muda, kisha akatikisa kichwa.

"Huo mdomo," akasema akikaa, "hakika huo ni wa Kangemi."

Nilicheka kuliko wote. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena kwa ukubwa ule. Lakini baadaye, nikiosha sufuria na mama, neno langu mwenyewe lilinirudia. Kama ile breki ya Desemba niliishika mimi, ya Septemba aliishika nani? Na ya Novemba? Na ule ushonaji wa Kawangware, na kwaya? Siwezi kuchukua mlima mmoja na kuiacha mingine kwa bibi kizee anayeuza maharagwe. Nikichukua, nichukue yote. Nilisugua sufuria ile mpaka mama akaninyang'anya.

Wiki ya kwanza ya Januari nilipewa kupeleka vitabu vya risiti Waiyaki Way. Nilipomaliza nilikata kona nikaingia Kangemi, nikaegesha pikapu karibu na soko, kinyumenyume, bila kugusa mtu. Nyanya alikuwa mezani pake. Aliitazama pikapu, akanitazama mimi, akaipiga ubavuni kwa kiganja kama anayenunua ng'ombe.

"Ni yako?"

"Ni ya kazi. Lakini ninaiendesha mimi." Kisha nikamwambia nililokuja kumwambia, kabla sijapoteza ujasiri. "Cucu, zile mara mbili gari liliporudi nyuma, walisema ni wewe. Na mimi pia nilisema. Nilikuwa nikisema hivyo tangu utotoni, kwa kila kitu. Haikuwa wewe. Ilikuwa mimi."

Nilidhani atalia, au mimi nitalia. Alichukua konzi ya maharagwe, akaipuliza vumbi, akaitazama.

"Mimi nilijua," akasema. "Siku hizo zote mbili nilikuwa hapa. Muulize hata huyu wa viazi."